Si Ulevi, Si Jini: Tutafute Kiini cha Kuyumba

Twaandika kutoka Mkwiro, kijiji kilichoko upande wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni. Sisi ni kikundi cha kujisaidia cha akina mama. Twaweka akiba, twakopeshana, na mwenzetu akipata shida twachanga. Safari hii tumeombwa tuandike juu ya jambo lililotufundisha, na sisi tumechagua kuandika juu ya kosa letu wenyewe. Huenda likasaidia kikundi kingine kisilirudie.

KISA CHENYEWE

Kikundini mwetu yuko mwenzetu ambaye ni mama karanga. Wale wasioishi pwani wajue kwamba mama karanga ni yule anayenunua samaki wadogo kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza. Kazi yenyewe ni ya moto na mafuta, yataka mkono uliotulia.

Mwenzetu huyu alikuwa mshika sanduku letu kwa miaka mingi. Hesabu zake zilikuwa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Kisha akaanza kubadilika pole pole. Akitembea, anatanua miguu kama mtu aliye juu ya mashua yenye mawimbi, ilhali yuko nchi kavu. Ulimi ukawa mzito, maneno yakawa yanaburuta. Akiandika kwenye daftari, tarakimu zinapanda na kushuka. Siku moja akanyoosha mkono kugeuza samaki, mkono ukapita karai, akaungua.

Sasa, sisi tulifanya nini? Wengine tulinong'ona ati amejifunza kunywa. Katika kijiji kama chetu hilo si neno dogo, lamvunjia mtu heshima yake na ya watoto wake. Wengine tukasema ni jini, na pesa za akiba yake zikaenda kwa waganga. Mwisho tukamwondoa kwenye sanduku, na hata kumwuliza hatukumwuliza. Yeye hakusema kitu. Alirudisha ufunguo, akakaa nyumbani.

Hospitali alikwenda, tena mara tatu. Mara ya kwanza alipewa dawa za malaria, mara ya pili akaambiwa ni presha, mara ya tatu ni uchovu. Hatutaji mahali, maana hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Kila mara yeye mwenyewe alisema, "Nasikia kizunguzungu", na kila mara alitibiwa hicho kizunguzungu.

Mara ya nne binti yake alimsindikiza, akabeba dawa zote zilizokuwa nyumbani ndani ya mfuko mmoja wa plastiki. Afisa wa kliniki, kijana, alizimwaga mezani akazisoma moja moja. Kisha akauliza, "Mama, hizi mbili wameza zote?"

"Ndiyo, mwanangu. Hii ni ya kifafa. Hii nyingine niliongezewa dukani ile siku nilipoanguka tena."

Kumbe zote mbili ni dawa moja! Moja ilikuwa na jina la dawa yenyewe, fenitoini, na ya pili ilikuwa na jina la kampuni. Alikuwa akimeza dozi maradufu kwa zaidi ya mwaka. Tutarudi kwake mwisho wa makala. Kwanza tueleze tulichojifunza.

ATAKSIA NI NINI?

Madaktari huita hali hii ataksia. Neno lenyewe limetoka kwa Wayunani na maana yake ni kukosa mpango. Nguvu za misuli zaweza kuwa zipo, lakini misuli haifanyi kazi kwa mpango. Ni kama chombo chenye wapiga kasia wenye nguvu lakini kila mmoja anavuta kwa wakati wake.

Ili mtu atembee sawa, mambo matatu lazima yashirikiane:

1. Ubongo mdogo, ulioko nyuma ya kichwa juu ya shingo. Huu ndio nahodha wa mwendo. Unapima mkono uende mbali gani na usimame wapi.
2. Mishipa ya fahamu ya miguuni na uti wa mgongo, inayopeleka habari juu kwamba mguu uko hapa, ardhi ni ya mteremko, na kadhalika.
3. Sehemu ya ndani ya sikio, inayotambua kichwa kimeinama au kimegeuka.

Kimoja kikiharibika, mtu anayumba. Ubongo mdogo ukiharibika, mara nyingi mtu atanua miguu, hukosea shabaha anaposhika kitu, husema kwa kuburuta, na macho hucheza-cheza anapotazama pembeni. Zikiharibika njia za habari kutoka miguuni, mtu huyumba zaidi gizani, au akifumba macho kuosha uso anapotia udhu. Mchana macho yake humsaidia, lakini usiku hana msaada. Sikio likiwa ndilo lenye shida, mara nyingi mtu huona nyumba yazunguka, na huenda akatapika.

Kwa hivyo neno "kizunguzungu" peke yake halimwambii daktari mengi. Mmoja akisema kizunguzungu, ana maana dunia yazunguka. Mwingine ana maana macho yaingia giza akisimama. Wa tatu, kama mwenzetu, ana maana miguu haimtii. Hayo ni mambo matatu mbali mbali, na tiba zake ni mbali mbali.

KUJUA JINA HAKUTOSHI

Tuelewane hapa, maana ndio moyo wa makala hii. Ataksia ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Mtu akiambiwa "una homa", bado hajaambiwa kama ni malaria, taifodi au kidonda kilichooza. Vivyo hivyo mtu akiambiwa "una ataksia", hajafika mwisho wa safari. Lazima aulize: yangu imeletwa na nini?

Na kwa nini tujisumbue? Kwa sababu baadhi ya vyanzo vyatibika kabisa, vingine vyazuilika visiendelee, na vingine havina dawa mpaka leo. Kwa macho ya jirani vyote ni mamoja: mtu anayumba. Aliye na ugonjwa unaotibika akihesabiwa pamoja na wasio na dawa, amepoteza miguu yake bure.

SWALI LA KWANZA: ILIANZA LINI, NA KWA MWENDO GANI?

Daktari mzuri huuliza hili kabla ya kipimo chochote. Nasi twaweza kulijibu nyumbani.

Ilianza ghafla, kwa dakika au saa. Hii ni dharura. Yaweza kuwa kiharusi cha ubongo mdogo, hasa kwa mwenye presha au sukari. Kiharusi hiki huweza kuja bila mdomo kupinda wala mkono kufa. Mtu anaanza tu kuyumba, kutapika na kuumwa kichwa kisogoni. Usingoje asubuhi. Sumu na dawa zilizomezwa kwa wingi nazo huanza hivi.

Ilianza kwa siku chache. Mtoto aliyetoka kuugua tetekuwanga aweza kuanza kuyumba, na wengi wao hupona baada ya wiki kadhaa. Lakini ni lazima aonwe na daktari, kwani homa ya uti wa mgongo na maambukizi mengine ya ubongo nayo huanza hivyo. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu ni dharura pia, kwani waweza kufika kwenye kupumua. Mwingine wa kuogopwa ni upungufu wa vitamini B1. Humpata mnywaji wa pombe, na hata mama mjamzito aliyetapika kwa wiki nyingi bila kula. Huyo huyumba, huchanganyikiwa, na macho yake hayaendi sawa. Akichomwa sindano ya vitamini hiyo mapema anaokoka, akicheleweshwa ubongo huharibika.

Ilikuja kwa wiki au miezi. Hapa ndipo vyanzo vingi vinavyotibika vimejificha. Dawa, kama ilivyokuwa kwa mwenzetu. Upungufu wa vitamini B12. Kaswende ya zamani iliyoingia kwenye mishipa ya fahamu. Virusi vya UKIMWI na magonjwa yanayofuatana navyo. Kifua kikuu cha ubongo. Tezi ya shingoni inayofanya kazi pole pole mno. Uvimbe ndani ya kichwa, hasa kama kuna maumivu ya kichwa ya alfajiri na kutapika.

Imekuja kwa miaka. Pombe nyingi ya muda mrefu hunyausha ubongo mdogo, iwe mnazi au ya chupa. Twasema hili bila kumdharau mtu. Akiacha na kula vizuri, ugonjwa waweza kusimama. Katika kundi hili pia kuna ataksia za urithi, ambazo tutazieleza chini.

Imekuwepo tangu utotoni. Mtoto aliyechelewa kukaa na kutembea, na ambaye hali yake haizidi kuwa mbaya, huenda ubongo wake uliumia kabla au wakati wa kuzaliwa. Huyo anahitaji mazoezi ya viungo. Lakini mtoto aliyekuwa akitembea vizuri kisha akarudi nyuma, huyo ni mwingine, apelekwe haraka.

TUSEME KIDOGO JUU YA B12

Vitamini hii hupatikana kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Sisi wa visiwani tutasema, samaki tunao, hii haituhusu. Lakini kuna watu ambao tumbo lao limekataa kuinyonya hata wakila samaki kila siku, hasa wazee. Tena wagonjwa wa sukari wanaotumia metiformini kwa miaka mingi waweza kupungukiwa. Dalili zake ni ganzi na kuchomwa-chomwa miguuni, kisha kuyumba gizani. Dawa yake ni sindano au vidonge vya vitamini yenyewe. Ikichelewa sana, uharibifu wa uti wa mgongo haurudi wote.

JE, MUHOGO WALETA KUYUMBA?

Swali hili liliulizwa kikundini, na jibu lake lahitaji uangalifu.

Muhogo mchungu una sumu aina ya sianidi, ambayo hutoka ukitayarishwa vizuri. Mwaka wa 1938 daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliandika juu ya ugonjwa katika eneo la Kwango nchini Kongo uitwao konzo. Kwa lugha ya Wayaka wa huko jina hilo lina maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka wa 1981, wakati wa ukame, ulipiga watu zaidi ya elfu moja katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji. Mwaka wa 1985 ulionekana Tarime, mkoani Mara, Tanzania. Daktari William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzake waliuchunguza.

Mwenye konzo miguu yake miwili hukakamaa kwa ghafla, aghalabu katika siku moja, na hubaki hivyo. Hiyo si ataksia. Ni ugonjwa wa kukakamaa, ingawa jirani ataona tu mtu asiyetembea sawa. Lakini uko ugonjwa wa pili. Nchini Nigeria, tangu miaka ya 1960, Daktari Osuntokun alieleza ugonjwa wa kuyumba wa watu wazima waliokula muhogo karibu kila siku kwa miaka mingi. Huo huja pole pole, na huenda pamoja na ganzi ya miguu, macho kufifia na masikio kuziba. Huo ni ataksia.

Basi, muhogo mtamu uliopikwa vizuri na kuliwa pamoja na samaki na maharagwe usiwatie hofu. Hatari huja pale njaa inapobana, watu wakala muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka, siku baada ya siku, bila kitoweo. Protini husaidia mwili kuiondoa sumu. Kwa unga wa muhogo mchungu iko njia rahisi iliyoonyeshwa na Daktari Howard Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji, utandaze kwenye mkeka au sinia uwe tabaka jembamba, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka na hewa. Kisha upike siku hiyo hiyo.

Mwambie daktari unakula nini, maana asipojua hawezi kuuliza zaidi.

ATAKSIA ZA URITHI

Mwaka wa 1863 daktari Mjerumani, Nikolaus Friedreich, alianza kueleza ataksia iliyowapata ndugu wa tumbo moja wakiwa bado vijana. Hitilafu iliyoko kwenye jeni ilipatikana mwaka wa 1996. Leo zajulikana ataksia nyingi za urithi. Kwa njia rahisi tuzigawe mara mbili:

Aina ya kwanza hutoka kwa baba na mama wote wawili. Kila mmoja amebeba hitilafu bila kuugua. Mtoto akipata zote mbili, anaugua. Ndiyo maana wazazi hushangaa, "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Pale wazazi walipo binamu, uwezekano wa wote wawili kubeba hitilafu moja huongezeka. Hatusemi haya kulaumu ndoa za ukoo, ambazo ni desturi yetu. Twasema ili watu wajue na wamweleze daktari. Ataksia ya Friedreich ni ya aina hii, lakini kwa watu weusi wa Afrika ni nadra sana.

Aina ya pili hutoka kwa mzazi mmoja aliye mgonjwa. Kila mtoto wake ana nafasi sawa ya kupata au kukosa, kama kurusha sarafu. Hapo utaona ugonjwa kwa babu, kwa baba, na kwa mtoto. Nyingi huanza ukubwani. Moja yao, ambayo huharibu mwendo pamoja na macho, imeonekana katika familia za kusini mwa Afrika.

Nyingi za hizi hazina tiba ya kuzimaliza. Hata hivyo tusikate tamaa mapema, kwa sababu hii: iko ataksia ya urithi inayofanana sana na ile ya Friedreich, lakini kiini chake ni mwili kushindwa kutunza vitamini E. Huyo akipewa vitamini E kwa wingi maisha yake yote, ugonjwa waweza kusimama. Vijana wawili wenye mwendo ule ule, mmoja ana dawa na mwingine hana. Bila kupima, nani atawatofautisha? Na hata kwa ataksia ya Friedreich yenyewe, mwaka wa 2023 Marekani ilikubali dawa ya kwanza inayopunguza kasi yake. Bei yake bado iko mbali sana na watu kama sisi.

Vipimo vya jeni si vya kila hospitali. Mara nyingi damu hupelekwa maabara za mbali, tena ni ghali. Kwa hivyo busara ni kuanza na yale yanayotibika na yanayopimwa kwa bei nafuu, ndipo twende kwenye jeni.

UBEBE NINI UKIENDA HOSPITALI

Kutoka Mkwiro safari ni chombo mpaka Shimoni, kisha gari mpaka Msambweni, na pengine kupita Ukunda na feri ya Likoni mpaka Mombasa. Safari ya namna hiyo usiiendee mikono mitupu. Beba haya:

1. Dawa zote unazomeza, pamoja na maboksi yake. Za hospitali, za dukani, za mitishamba. Zote katika mfuko mmoja. Usione haya.
2. Tarehe. Ilianza lini? Kama hukumbuki tarehe, sema "kabla ya kusi iliyopita" au "baada ya Idd". Je, yaongezeka, imesimama, au huja na kuondoka?
3. Hesabu ya ukoo. Nani mwingine aliyumba hivi? Baba, shangazi, binamu? Alianza na umri gani? Wazazi wana udugu?
4. Chakula na kinywaji. Sema kweli juu ya pombe, iwe unakunywa au hunywi kabisa.
5. Magonjwa mengine: kifafa, sukari, presha, kifua kikuu, VVU, kaswende ya zamani, kuumia kichwa.
6. Kadi na karatasi zote za hospitali za zamani, pamoja na picha ulizopigwa.
7. Mtu anayekujua. Mgonjwa mwenye ulimi mzito hukatizwa maneno. Mwenziwe atamsaidia amalize.

La nane ni jepesi siku hizi: kwa ruhusa ya mgonjwa, mpige picha ya video kwa simu akitembea, akigeuka, akisema na akimimina maji kwenye kikombe. Hasa kama hali yake huja na kuondoka, daktari ataona asichokiona siku ile.

Na ukifika, usiseme "kizunguzungu" ukanyamaza. Sema: "Natembea kama mlevi na sijanywa. Ulimi wangu umekuwa mzito. Mkono wangu hukosa shabaha." Maneno haya matatu yatamfungua macho.

DAKTARI ATAFANYA NINI

Atakuambia uguse pua yako kisha kidole chake, kwenda na kurudi. Atakuambia upitishe kisigino juu ya mfupa wa mguu mwingine. Utatembea kwa mstari mmoja, kisigino kwa kidole. Utasimama miguu pamoja, ufumbe macho. Atatazama macho yako yakifuata kidole chake. Haya yote hayana gharama, na ndiyo yanayoonyesha ni ubongo mdogo, ni miguu, au ni sikio.

Kisha huenda akaagiza damu: wingi wa damu, sukari, VVU, kaswende, tezi, B12, na kiasi cha dawa ya kifafa kama waitumia. Kama anashuku uvimbe, kiharusi au maji kichwani, ataagiza picha ya ubongo. Picha ya CT huonekana zaidi hospitali kubwa, na ile ya MRI huonyesha ubongo mdogo vizuri zaidi lakini gharama yake ni kubwa. Muulize, "Daktari, kipimo hiki chatafuta nini, na jibu likitoka tutafanya nini?" Si utovu wa adabu. Ni haki yako, nayo yaokoa pesa.

Kama jibu ni "hatuoni kitu", omba barua ya rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Ugonjwa wa kuyumba usio na maelezo haufai kuachwa hivi hivi.

KIKUNDI KITASAIDIAJE?

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni kila mwanachama amejiandikisha kabla ya kuugua. Kabla ya kipimo cha bei kubwa, ulizeni bima italipa kiasi gani.

Sisi tumetenga mfuko mdogo wa nauli. Tuligundua wengi hawarudi kwa majibu kwa sababu nauli ya chombo na gari yawashinda, na kipimo kisichofuatwa majibu ni pesa iliyotupwa baharini.

Nyumbani, tuliondoa vitu vya kumkwaza, tukafunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, na taa ikawa karibu naye usiku. Fimbo si aibu. Karai la mafuta lishikwe na mwingine. Na mvuvi mwenye ataksia asitoke peke yake baharini.

Ambaye hali yake ni ya kudumu aweza kuandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kukaguliwa na madaktari. Muulizeni mhudumu wa afya wa kijiji awaonyeshe njia.

MWISHO WA KISA CHETU

Mwenzetu hakuacha dawa yake siku ile. Wasomaji, shikeni hili: dawa ya kifafa haiachwi ghafla, kwani kifafa chaweza kurudi kwa mfululizo na kuua. Daktari aliondoa ile ya pili, akapanga dozi upya, akampima damu, akamwita tena na tena. Alitueleza pia kwamba fenitoini ina tabia yake. Mwili una kipimo chake cha kuitoa, na kipimo hicho kikijaa, nyongeza ndogo tu huifanya ipande sana kwenye damu. Ndiyo maana kuongeza kidonge kwa shauri la dukani ni hatari.

Ulimi ulirudi kwanza, katika wiki chache. Mkono ukafuata. Miguu haijarudi yote, na daktari alisema huenda isirudi yote, kwa kuwa ubongo mdogo ulikaa kwenye sumu muda mrefu. Kama tungemwuliza mwaka ule wa kwanza, badala ya kunong'ona, labda angetembea kama zamani. Hili twalibeba.

Tulikwenda kwake kumwomba radhi, tukampelekea ufunguo wa sanduku. Aliupokea, akaomba daftari, akaanza kukagua hesabu za miezi yote aliyokuwa hayupo. Alipata makosa mawili. Yote yalikuwa yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwetu, mtu akianza kuyumba watu husema nini kwanza? Maneno hayo humsaidia au humfungia nyumbani?
2. Je, yuko mwanachama anayemeza dawa ambazo hazijui kwa majina? Leteni maboksi kikaoni, msome pamoja, kisha mumwulize mhudumu wa afya.
3. Mtu akianza kuyumba ghafla usiku, chombo au gari tutapata kwa nani? Andikeni jina na namba ya simu mahali panapoonekana.
4. Muhogo mchungu hutayarishwaje kwetu wakati wa njaa? Nani atawafundisha wengine njia ya kuulowesha unga?
5. Yuko mtu tuliyemtenga kwa sababu ya mwendo wake au usemi wake? Nani kati yetu atakwenda kumwona wiki hii?